Kwani anakuja nani?

Jumapili usiku. Mikono bado inanuka rangi ingawa nimeisugua mara tatu. Nilipanga kulala mapema, lakini kila nikifumba macho namwona Kitindamimba amesimama kwenye korido na brashi yake ndogo, ananiuliza, "Mama, kwani anakuja nani?"

Nikamwambia haji mtu.

Akautazama ukuta, akavitazama vitu tulivyovirundika katikati, akasema, "Sasa tunapaka kwa ajili ya nani?"

Nikamjibu, "Shika brashi vizuri, rangi inadondoka."

Rangi haikuwa inadondoka.

Wiki hii imebeba mengi: Baba Watoto ameongezewa mkataba wa mwaka mwingine, mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kike, na sisi kazini tumehamishiwa ghorofa ya juu. Namshukuru Mungu kwa yote hayo. Lakini kilichonikaa kooni ni swali la mtoto wa miaka minane.

Mnaonisoma siku nyingi mnaijua korido yetu na lile doa la maji ukutani. Safari hii nilijiapiza sipaki kabla sijajua maji yanatoka wapi, maana mara mbili nimelifunika na mara mbili limerudi. Kumbe ni mfereji wa paa, umeziba majani, maji yanafurika na kutiririka nyuma ya ukuta. Baba Watoto aliuzibua wiki tatu zilizopita, tukauacha ukuta ukauke. Jumamosi nikaikwangua ile chumvi nyeupe kwa brashi kavu (ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani), nikaziba nyufa kwa puti, nikapiga msasa. Fedha ilikuwa ndogo, kwa hiyo nilipima kwanza. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Kuta zetu za korido ni mita 18, mikono miwili inakuwa 36, basi kopo la lita 4 likatosha, na limebaki la kurekebishia. Rola sikuiosha kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Niliifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaubana vizuri, na baada ya saa nne nikaikuta laini vilevile. Utepe wa karatasi niliubandua rangi ikiwa bado mbichi, ukingo umenyooka kama umechorwa kwa rula. Naupenda ukingo ule, nimeenda kuutazama mara kadhaa jioni hii.

Lile swali lakini.

Lilinichoma kwa sababu mtoto amesema alichokiona. Mara ya mwisho sebule ilipakwa rangi, wakwe walikuwa njiani. Swichi ya sebuleni ililegea, tukapata habari ya wageni saa nane mchana, na saa kumi na mbili jioni ilikuwa imeshabadilishwa. Mapazia hufuliwa mtu akisema atapita. Wakati huohuo mlango wa chumba cha watoto umeburuza sakafu miaka miwili, lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunge, na unapiga kelele kama umefinywa. Miaka miwili! Mgeni haingii chumba kile. Sikuwahi kujiambia hivyo kwa maneno, ila mtoto ameishi humo na ameshajumlisha.

Nilijaribu kupata jibu nikiwa napanga kabati la korido. Tuliweka marundo matatu, ya kubaki, ya kugawa na ya kutupa, na Binti Mkubwa akaongeza la nne kwa ajili ya vitu nilivyokataa kuvisemea lolote. Funguo kumi na moja zisizo na kufuli. Chaja za simu tulizokwisha kuzisahau. Betri zilizovuja unga, hizo tumezitenga kwenye chupa, haziendi na takataka za kawaida. Rundo la nne limeingia kwenye boksi, nimeliziba kwa gundi na kuandika tarehe. Miezi sita ikipita bila mtu kulifungua, linaondoka likiwa limezibwa vilevile. Tumekubaliana, na Binti Mkubwa ametia sahihi pembeni.

Chini kabisa ya kabati nikakuta shuka mbili mpya, bado zimo kwenye mfuko wake. Za wageni. Shuka ya Kitindamimba ina kiraka miguuni, nilikishona mwenyewe. Nikazitoa, moja nikaitandika kwake na nyingine kwa dada yake. Sikuwaeleza kitu. Niliogopa nikianza kueleza nitalia, na walikuwa wanafurahia kazi.

Halafu nikaugeukia mlango. Kilichoharibika kilikuwa bawaba ya juu, maana hiyo ndiyo inayovutwa zaidi na uzito wa mlango. Parafujo zake zilikuwa zinazunguka bure, tundu zimepanuka hazishiki. Nikaung'oa mlango Jumamosi jioni, nikachovya njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa kwenye gundi ya mbao, nikazishindilia kwenye kila tundu hadi likajaa, nikaziacha zikauke usiku kucha. Wamelala bila mlango, wamefurahi kama wako kambini. Asubuhi nikakata njiti zilizochomoza, nikarudisha parafujo zilezile kwa bisibisi, zikakaza. Pini ya bawaba nikaichomoa, nikaifuta kutu na kuipaka mafuta ya mgando. Mlango ukafunga kwa kidole kimoja.

Nilimwita Kitindamimba aje kuona. Nilitaka sana aone, nilitaka hiyo ndiyo iwe jibu langu la jana. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, ameuwekea sikio. Nikasubiri.

"Haulii," akasema.

"Haulii tena, baba."

"Sasa nitajuaje kama umeingia?"

Nikamuuliza nimeingia lini. Akasema usiku, nikija kumfunika. Mlango ukilia anajua ni mimi, basi anabaki amefumba macho hadi nimalize, kisha analala.

Siku zote nilidhani nimemkuta amelala. Nimekuwa nikiunyanyua mlango ule kwa mikono miwili, pumzi nimeibana, nikijilaumu kwa kila mlio. Naye yuko macho gizani, anausubiri. Nilikaa sakafuni palepale na bisibisi mkononi, akaja akakaa mapajani, mkubwa alivyo, akaanza kunieleza jinsi anavyotofautisha mlio wangu na wa baba yake. Wa baba yake ni mfupi. Wangu una sehemu mbili.

Sasa ni saa tano na nusu. Nimetoka kumfunika na shuka mpya, inakwaruza kidogo, haijafuliwa bado. Bawaba ya chini sikuipaka mafuta. Imetoa mlio mdogo, sehemu moja tu, nikaona kope zimetikisika.

Mama hajapokea simu tangu saa kumi. Nilitaka kumpa habari za mjukuu wake mpya na za korido. Huwa anaiacha chumbani akienda uani, na mara nyingine chaji inaisha asijue, hilo nalifahamu. Lakini Jumapili huwa ananipigia yeye. Nimempigia mara nne, inaita hadi inakatika. Jirani yake nitampigia saa kumi na mbili asubuhi, huamka mapema.