Difu ya 4.7 au ya 3.54: nilivyochagua kwa Land Rover 88

Difu (gia za kwenye eksel zinazopeleka nguvu tairini) za 4.7 ambazo Land Rover 88 ya Series III ilitoka nazo kiwandani ni za nguvu: propela shafti, mhimili unaoleta nguvu kutoka giaboksi, huzunguka mara 4.7 kwa kila mzunguko wa tairi. Ukiingia lami ukashika 80, injini ya petroli ya cc 2286 inalia kama mashine ya kusaga. Dawa inayojulikana ni difu za 3.54 kutoka Range Rover za zamani, kwa kuwa zinaingia kwenye eksel ile ile. Nimezifunga kwenye 88 yangu, ila hesabu ilitangulia spana.

Anza na tairi. Usitumie kipenyo kilichoandikwa kwenye karatasi, maana tairi hulala kidogo likibeba gari. Jaza upepo wa kawaida, weka mzigo unaobeba siku zote, piga alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari tairi lizunguke mara tatu, pima, gawa kwa tatu. Tairi la 6.00-16 linatoa kama mita 2.20, la 7.50-16 kama mita 2.42.

Transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) ya Series III ikiwa kwenye gia nyepesi, ya mwendo wa kawaida, ina uwiano wa 1.148, na gia namba nne ya giaboksi ni moja kwa moja, yaani 1. Kwa hiyo 4.7 mara 1.148 ni 5.396: injini inazunguka mara 5.396 kwa kila mzunguko wa tairi. Kwa 3.54 inakuwa 4.064. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, 4.7 na tairi la 6.00 inadai mizunguko 3270 kwa dakika, 4.7 na tairi la 7.50, kama 2970, 3.54 na tairi la 6.00, kama 2460, 3.54 na tairi la 7.50, kama 2240.

Wengi huona namba ya mwisho wakaitamani. Mimi naikataa, na sababu iko mlimani. Gia namba tatu ya Series III ni 1.50, hivyo kwa difu ya zamani uwiano mzima ni 8.1. Kwa 3.54 namba tatu inabaki 6.1, na namba mbili (2.22) ni 9.0. Maana yake mlima uliokuwa unaupanda kwa namba tatu sasa utaupanda kwa namba mbili. Kwa tairi la 6.00 hilo linavumilika. Ongeza tairi la 7.50 na mzigo, panda mlima Kitonga kule Iringa, utakuwa unahangaika kati ya namba mbili inayolia na namba tatu inayokufa. Kuondoka nako kunabadilika: namba moja ilikuwa 19.9, sasa ni 15.0, karibu katikati ya namba moja na namba mbili za zamani. Klachi ndiyo inayolipa. Gia nzito ya transfa ikiwa na namba moja inashuka kutoka 40.6 hadi 30.6, na anayefanya kazi ya matope au kuvuta trela asiguse difu zake.

Kwa hiyo nilichagua 3.54 na tairi la 6.00. Ukipata ovadraivu ya Fairey (gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini) iliyo nzima, ya 0.782, ukiwa na difu za 4.7 inakupa mizunguko kama 2560 kwa mwendo ule ule wa 80 na tairi hilo hilo na gia zako zote za zamani zinabaki. Kwangu hiyo ndiyo bora kuliko zote, shida ni kuipata nzima.

Dukani kwa spea chakavu usiamini neno la muuzaji. Hesabu meno: 4.7 ina krauni (gia kubwa) ya meno 47 na pinioni (gia ndogo inayoiendesha) ya 10, 3.54 ina 46 na 13. Kama difu bado iko kwenye gari, inua tairi moja la nyuma, weka giaboksi nyutro, zuia matairi mengine kwa mawe na achia breki ya mkono. Zungusha tairi lililo juu mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela shafti. Kwa kuwa tairi la pili limesimama, mizunguko miwili ya hili ni sawa na mmoja wa krauni. Ikipita kidogo tatu na nusu, ni 3.54.

Kagua pia splaini (mifereji) za gia za ndani zinakoingia hafu shafti (mihimili inayopeleka nguvu tairini). Unataka 10. Za miaka ya baadaye zina 24 na hafu shafti za Series hazitaingia. Flenji ya pinioni (sahani inakofungwa propela) nayo linganisha matundu yake na ya propela yako. Yasipokutana, hamisha flenji ya zamani. Nunua difu kamili, usikubali krauni ya huku na pinioni ya kule, maana zimesagwa pamoja na zikitenganishwa zitalia daima. Plei (uchezaji) ya krauni iwe milimita 0.20 hadi 0.25, ipimwe sehemu kadhaa za mzunguko.

Difu ziwe mbili zinazofanana, mbele na nyuma. Ukibadilisha ya nyuma tu, siku utakayoweka foo-wili gari litajikaza na kitu kitavunjika.

Nyuma ni kazi nyepesi: mwaga oili, fungua bolti sita za kila habu, vuta hafu shafti nje, toa nati kumi za difu, na uwe na msaidizi au jeki chini yake. Mbele lazima uvute mkusanyiko mzima wa swiveli (sehemu inayogeuza tairi) kila upande ili hafu shafti ziachie. Weka gasketi mpya, oili ya EP90 lita 1.75 kila eksel, na zibua tundu la kupumulia la eksel. Likiziba, joto litasukuma oili hadi kwenye breki.

Spidomita huendeshwa na transfa, kwa hiyo sasa inadanganya: ikisoma 60 uko karibu 80. Breki ya mkono nayo hukamata propela shafti, na nguvu yake huzidishwa na difu kabla ya kufika tairini, hivyo umepoteza robo yake. Ikaze upya, badilisha viatu vyake kama vimelowa oili, na ukiegesha mteremkoni na mzigo weka jiwe tairini.