Wa Kushuka Bima

Jumamosi iliyopita nilikuwa natafuta chandarua cha akiba ndani ya lile begi la kijani, lile lililokufa zipu tangu tuhamie Kimara. Binti akaja kunisaidia, yaani akaja kuhakikisha kazi haiishi. Begi hilo huwa nalifunga kwa kitambaa cheupe kirefu, kimepigwa mistari ya cherehani kutoka ncha hadi ncha, kigumu kama ukindu. Akakifungua, akakizungusha kiunoni, akauliza, "Mama, hii ni kamba ya koti la kuogea?"

Nikasema hapana.

"Ya nini sasa?"

"Mkanda wangu wa karate."

Alicheka mpaka akakaa chini. Sikumlaumu. Mama anayemjua yeye ni yule anayemwomba radhi muuza nyanya kabla ya kumwambia kwamba mbili zimeoza.

Ilikuwa 2011, mwaka wa mgao wa umeme. Baada ya yale ya Kinondoni, ambayo sitayarudia hapa, nilikuwa nimepanga chumba Tabata Bima na usingizi ulikuwa umenihama. Nina miaka 34, saa nane za usiku nahesabu mabati. Dada yangu alinishauri nijiunge na watu wa jogging wa Jumapili. Nilienda mara moja, wakaniacha kwenye kona ya kwanza. Karate nilikutana nayo kwa masikio. Natoka kazini jioni, nakatiza nyuma ya shule ya msingi, nasikia watu wanahesabu kwa sauti moja. Nikachungulia dirishani. Madawati yamesukumwa ukutani, watu kama ishirini wako pekupeku juu ya saruji: fundi magari wa mtaa wa pili, mzee mmoja mstaafu, msichana mwenye hijabu, watoto watatu wanne. Mwalimu akaniona. Hakuuliza nataka nini. Alisema, "Viatu acha nje upande wa kushoto. Kulia kuna siafu."

Hiyo ndiyo fomu niliyojaza.

Ada ilikuwa ndogo, na mwalimu alikuwa na ugonjwa wa kuisahau kila alipokutana na mtu aliyejua kwamba hana. Gi, lile vazi la karate, nilishonewa na fundi wa Kariakoo kwa kitambaa cha marekani, mabega mapana kama ya mtu mwingine. Likifuliwa na kuanikwa lilisimama lenyewe. Njiani nilifunga kanga juu yake ili mama wa genge asipate la kuanzia.

Wiki za mwanzo kilichonisumbua zaidi ni hesabu. Mwalimu akisema "Ichi, ni...", yaani moja, mbili za Kijapani, mimi nasikia "Nchi ni...", nasimama na ngumi yangu hewani nikisubiri aseme nchi ni nini. Wenzangu wameshafika saba.

Cha pili kilikuwa salamu. Kulikuwa na mtoto wa miaka tisa, mweusi, kichwa kikubwa, mkanda wa kijani. Tukikutana nje kwenye siafu: "Shikamoo anti." Marahaba, mwanangu. Tukivuka mlango, mambo yanapinduka: yeye anasimama mbele kwa mkanda wake, mimi mkia wa mstari kwa weupe wangu, na akinirekebisha mguu nainama, "Osu, sempai," yaani sawa, mkubwa wangu. Nilidhani ningeona aibu. Badala yake ilikuwa kama kutua ndoo. Ndani ya lile darasa hakuna aliyenitegemea nijue kitu.

Mama alipiga simu kutoka Morogoro, ameshasikia. "Huko mnasujudu?"

"Tunainama tu, mama. Ni kama shikamoo."

Angeridhika. Lakini mimi na mdomo wangu nikamwongezea yale aliyotusimulia mwalimu: kwamba karate yetu hii, Goju-ryu, ililetwa Dar miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, na chuo chake kikaitwa Hekalu la Kujilinda. Mama alisikia neno moja tu. Nadhani mpaka leo kuna kikundi cha maombi Morogoro kinachonikumbuka kila Alhamisi kwa sababu ya hilo hekalu.

Mwalimu alipenda kutufafanulia jina lenyewe. Chojun Miyagi wa Okinawa ndiye aliyelipa mtindo huu jina: *go* ni ugumu, *ju* ni ulaini, na mtu anatakiwa awe na vyote. Ju nilikuja nayo ya kutosha, ningeweza hata kuwauzia wengine. Alinianzisha na Sanchin, ile kata, yaani mfululizo wa miondoko, ya kusimama miguu imebana na kupumua kutoka chini ya kitovu, polepole, hewa ikitoka na sauti. Nilianza kuifanya kitandani, chali. Baada ya mwezi nilishtuka kumekucha. Sijui ilikuwa Sanchin au ulikuwa uchovu tu wa kuchuchumaa.

Sasa ile Jumatano.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zimeanza, bati la shule linapiga kelele. Saa moja kasoro umeme ukakatika. Wengine tukaanza kupapasa mabegi. Mwalimu akasema, "Mnaenda wapi? Giza halijawahi kumpiga mtu." Akatupanga duara. Kila mmoja, kwa zamu, atapiga ngumi moja na kutoa kiai, ile sauti inayotoka na pigo. Moja tu, lakini ya kweli. Isitoke kooni, itoke kule kule Sanchin inakotoka. Wajapani, alisema, wameunganisha maneno mawili: *ki*, ile nguvu ya ndani, na *ai*, kuungana. Ngumi na pumzi vifike pamoja kama watu waliopeana miadi.

Sauti zikaanza kuzunguka. Siwaoni, nazisikia tu zikinijia. Fundi magari: lori la mchanga linaloshusha mzigo. Mzee mstaafu: kifupi, kikavu, kama muhuri. Kijana mmoja mwenye kigugumizi, ambaye kusema jina lake kulimchukua nusu dakika, alitoa sauti iliyonyooka kama waya. Msichana wa hijabu: kitenge kinachochanwa. Kisha yule mtoto upande wangu wa kulia, sauti kubwa kuliko kichwa chake. Kisha kimya, na nikaelewa kwamba hicho kimya ni changu.

Nikapiga. Ngumi ikaenda, sauti ikabaki.

"Tena," akasema mwalimu, kwa upole.

Nikapiga tena. Kikatoka kitu kama mlango wa kabati.

Lazima niseme kuhusu bibi. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniambia ninyamaze. Bibi alikaa barazani na wageni wake, sisi tukicheza uani, na sauti ya mtoto wa kike ikivuka ukumbi na kufika barazani, bibi alikohoa. Mara moja. Hakuwa na kifua. Kaka zangu walipiga kelele mpaka kunguru wakahama mwembe, na bibi alikuwa mzima wa afya. Kile kikohozi nilihama nacho. Nilikaa nacho shuleni, ofisini, nilikaa nacho Kinondoni, na sasa kilikuwa kwenye duara, katikati ya kitovu na mdomo, kimekunja miguu.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mvua juu ya bati, watu ishirini wananisubiri gizani bila haraka yoyote. Nilitaka kuomba radhi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuomba radhi nilipomsikia mtoto.

"Anti, konda akikupitisha kituo huwa unasemaje?"

"Sisemi."

"Sasa unashukaje?"

"Nashuka kinachofuata. Narudi kwa miguu."

Akanyamaza. Nilimsikia akifikiri. Kutoka ng'ambo ya duara fundi magari akauliza, "Kutoka wapi?"

"Kimanga."

"Kila siku?"

"Siku ambazo hakuna mwingine wa kushuka Bima."

Mnajua ilivyo. Konda anauliza, "Bima wapo?" Usipojibu anagonga bati mara mbili, gari linakwenda. Miezi yote ile nilikuwa nategemea sauti za wengine. Siku nyingine mama mwenye kuku, siku nyingine mwanafunzi. Nikikosa mtu, natembea. Nilishazoea kiasi kwamba niliweka viatu vya chini kwenye mkoba kwa ajili ya hiyo safari, na wala sikuwahi kujiuliza. Sasa nilikuwa nimelisema mbele ya watu, na giza lote likawa limekaa linalisikiliza.

Kisha mwalimu, mtu mzima, mkanda mweusi uliochakaa mpaka umerudi kuwa mweupe, akabana pua akaita: "Bima wapo? Bima, Bima, Bima! Wa kushuka Bima?"

Mtu akagonga dawati. Pa pa.

"Hakuna! Twende!"

Wakaanza kunguruma. Nawaapia, darasa zima lilinguruma kama Hiace, fundi magari akibadilisha gia kitaalamu kabisa. Madawati yanagongwa, mtoto ananivuta mkono wa gi: "Anti, linaondoka! Anti! Linapita!"

"SHUSHA!"

Sikumbuki kupiga ngumi, lakini mkono ulikuwa umeshafika mbele. Sauti ilitoka huko chini, ikapita mahali pa kikohozi bila kubisha hodi, ikagonga ukuta wa nyuma ikanirudia. Nikaiogopa. Mlinzi wa shule akaja mbio na rungu na tochi, anahema: "Kuna nini humu?"

"Kuna abiria ameshuka," mwalimu akamjibu.

Hapo ndipo walipocheka. Na mimi nilicheka, nimeshika magoti, nikilia kidogo, ila gizani hakuna aliyeniuliza kipi ni kipi. Mlinzi aliposhaondoka mwalimu akasema, "Vizuri. Sasa toa neno, bakiza sauti." Nikatoa neno. Sauti ikabaki, pungufu kidogo, lakini ilikuwepo. Tukaenda raundi nne. Siku mbili zilizofuata ofisini waliniuliza kama nina mafua.

Najua mtataka kusikia habari za kesho yake kwenye daladala. Kesho yake alikuwepo mwingine wa kushuka Bima. Keshokutwa nilikuwa peke yangu. Nikasema "shusha," konda hakusikia, nikarudia, akasikia, nikashuka. Hakuna aliyepiga makofi. Konda alinilalamikia kwamba nimechelewa kusema.

Nilikaa pale miaka miwili. Nilifika mkanda wa njano, nikashindwa mtihani uliofuata, kisha huyu aliyecheka mkanda akaanza kunikaa tumboni na mambo mengine yakafuata. Mkanda wa njano nilimwachia mama mmoja aliyekuja baada yangu, naye alikuwa wa kuchungulia dirishani. Mweupe ukabaki kwangu, kwa sababu hakuna anayeuomba.

Watu huniuliza karate ilinisaidia nini, na huwa nasitasita. Kupigana sijawahi. Mwaka 2014 vijana wa pikipiki walinikwapulia mkoba saa sita mchana, nami nilisimama kando ya barabara nimefumba mdomo kama maiti. Ile sauti haikuja kabisa. Kama ingekuja, sijui ingefanya nini, pikipiki haishushi. Kwa hiyo sidiriki kusema nilitoka pale jasiri. Nikilazimishwa, ninachokumbuka ni zile pande za viatu: kwamba palikuwa na mahali, mara tatu kwa wiki, ambapo mtu alijali nisikanyage siafu.

Na tangu 2016, sisi wa Kimara tuna mwendokasi. Basi linasimama kituoni lenyewe, milango inafunguka, unashuka bila kumwambia mtu chochote. Wakati mwingine, nikiwa nimebanwa katikati ya makwapa ya watu, namsubiri mtu aulize wapo. Haulizi.

Jumamosi ile binti hakuniachia. Alitaka nimwonyeshe. Nikamwonyesha kusimama, nikamwonyesha ngumi, kiwiko kisiruke, mkono mwingine urudi ubavuni. Nikamwambia kuna sauti yake. Akasema itoe. Nikasema si sasa, jirani ana mtoto mchanga. Akanitazama vile wanavyotazama, akaufunga mkanda juu ya gauni, fundo la viatu, akatoka nao uani.

Nikarudi jikoni, maharage yalikuwa yanakaribia kushika. Nikamsikia. Ya kwanza ilimtoka kooni, ya pili chini kidogo, ya tatu mbwa wa jirani akaitikia. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nilikohoa kabla sijajua nimekohoa.

Uani kukawa kimya. Nikasimama palepale, sipulizi moto, sikorogi.

Kisha akaendelea.