Pampasi za bibi

Nimerudi Mbeya likizo ya wiki tatu. Siku ya pili tu nilishinda Mwanjelwa nikitafuta pampasi za mtu mzima. Za watoto zimepangwa mpaka darini. Kwenye duka la dawa la tatu muuzaji aliniuliza, "Za mtoto wa miezi mingapi, dada?" Nikamwambia ni za bibi yangu. Akashusha sauti kama nimetaja jambo la aibu. Hakuwa nazo.

Huko Osaka ninakohudumia wazee, mambo ni kinyume. Japani, karibu watu 29 katika kila 100 wana miaka 65 au zaidi. Mwaka 2024 kampuni ya Oji ilitangaza kwamba inaacha kutengenezea soko la Japani pampasi za watoto, ijikite kwenye za watu wazima. Mwaka 2001 ilikuwa inatengeneza takriban milioni 700 za watoto. Zikashuka hadi milioni 400. Nchi nzima, watoto waliozaliwa 2023 walikuwa takriban 727,000.

Ukiingia dukani unauona uzee kwenye rafu. Wali wa kupasha, wa mtu mmoja. Chakula kilicholainishwa kwa asiye na meno. Kabichi inakatwa robo! Mimi ni mtoto wa Uyole, kwetu kabichi inapakiwa kwenye Fuso. Ile robo niliitazama nikamwonea huruma atakayeila peke yake. Samani ndizo zinazodorora, maana mzee hajengi wala hanunui kabati jipya. Hesabu ya 2023 ilikuta nyumba milioni 9 hazina mtu.

Lakini wazee wale wana pesa yao wenyewe. Pensheni inaingia kila baada ya miezi miwili, tarehe 15, na siku hiyo yapo maduka yanayowapa punguzo. Bibi nilionao kazini wanachagua sabuni waitakayo, wanalalamika bei, wanabadilisha duka. Mwenye kiwanda anawasikia.

Bibi yangu amelima viazi Uporoto tangu usichana wake. Hakuajiriwa, kwa hiyo hana pensheni. Zanzibar walianza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Huku Bara mkulima kama yeye anategemea watoto na wajukuu. Matumizi yake ni kile ninachotuma kwa simu, na kinapita kwa mjomba kwanza. Mjomba ananunua sukari, mchele, dawa ya presha. Pampasi hakuwahi kuambiwa, bibi atamwambiaje mwanawe wa kiume? Alikuwa anatumia vitenge vikuukuu na kuvifua usiku, na baridi hii ya Julai. Mimi aliniambia kwa sababu nilimwogesha.

Jana nilirudi kwa yule dada wa duka la dawa, nikamwachia hela aagize katoni moja kutoka Dar. Nilidhani atasita. Akasema paketi zitakazobaki hazitamlalia, kuna wawili walishamuuliza mwezi huu, wote kwa kunong'ona.