Asubuhi ya Machi katika Mto Pere Marquette

Theluji ilikuwa bado imejificha kwenye vivuli vya misonobari tuliposhusha mashua majini karibu na mji mdogo wa Baldwin, jimboni Michigan. Kiongozi wangu, mzee mwenyeji aliyeupiga makasia mto huu tangu ujana wake, alichovya kipimajoto kabla hata hajanikabidhi fimbo ya kuvulia. Maji yalikuwa nyuzi 40 kwa kipimo chao cha Farenhaiti, yaani zaidi kidogo ya 4 kwa kile tulichokizoea sisi. Alinieleza kwamba katika baridi ya namna hiyo samaki hakimbilii chakula, kwa hiyo ni juu ya mvuvi kumpelekea chambo hadi mdomoni, polepole, kule chini mkondo unakopungua nguvu.

Tuliyemfuata ni yule trauti, samaki wa maji baridi, anayekulia katika Ziwa Michigan na kupanda mtoni majira haya ili kutaga mayai. Wenyeji humwita stilihedi. Mto wenyewe hauna bwawa la kumzuia. Ajabu ni kwamba si samaki wa hapa kwa asili, kwani mbegu yake ililetwa kutoka California katika miaka ya 1870, na hata trauti wa kahawia aliachiwa katika kijito cha mto huu mwaka 1884, akiwa ameanguliwa kutoka mayai ya Ujerumani. Nilicheka peke yangu niliposikia hayo. Mimi ni mtu wa Nyeri, na trauti wa Mto Gura nao walitoka Uskoti, mwaka 1905.

Kwenye maji mafupi niliona baka la changarawe nyeupe, safi kama iliyosuguliwa, na juu yake kivuli kirefu kikijipinda. Nilinyanyua fimbo. Mzee alinishika mkono bila kusema neno, akaiacha mashua ipite kwa mbali; baadaye ndipo aliponieleza kwamba jike alikuwa akichimba kiota kwa mkia wake, na kwamba yeye havui samaki aliye juu ya mayai, wala hakanyagi changarawe ya rangi ile hadi vifaranga watoke. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumwamini kweli.

Saa mbili nzima hazikuwa na lolote la kusimulia, isipokuwa barafu iliyoziba pete za fimbo kila mara, nami nikiichovya majini ili iyeyuke. Kisha mshipi ulisimama. Nilidhani chubwi imenasa kwenye jiwe, mpaka jiwe lenyewe liliporuka juu ya maji, la fedha, lenye mstari mwekundu ubavuni. Nilishikwa na kiherehere, nikalibana gurudumu la kukunjia mshipi badala ya kuuachia mshipi ukimbie, ukakatika. Mzee hakunilaumu, alifunga ndoano nyingine kwa vidole vilivyokufa ganzi, ingawa hatukugusa samaki mwingine siku hiyo.

Tulipokuwa tukinywa chai kwenye gari lake, aliniuliza kuhusu Gura: je, chini ni mawe au mchanga, maji hupanda mwezi gani, trauti hutagia wapi? Nimekulia mwendo wa nusu saa kutoka mto ule, na sikuwa na jibu hata moja la kumpa.