Minyororo ya ekskaveta juu ya makoro ya Goma

Ekskaveta mbili za tani 20 zinaweza kuonyesha saa zilezile kwenye mita, moja ikiwa imechimba udongo mwekundu kule Bukavu, nyingine imevunja makoro, yaani mawe ya lava iliyopoa, huku Goma. Ukizitazama injini hutaona tofauti kubwa. Inama uangalie chini: ya Bukavu bado ina vibao vya mnyororo vyenye meno marefu, ya Goma imekwisha kuwa laini kama sufuria kuukuu. Kwenye mashine ya minyororo, sehemu ya chini peke yake inaweza kula hadi nusu ya pesa yote ya matengenezo. Ndiyo maana tunaanzia hapo, wala si kwenye injini ambayo kila mtu anapenda kuizungumzia.

Makoro ya volkano ya Nyiragongo hutoka yakiwa mepesi kama uji. Januari 2002 yalipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mei 2021 yalikata barabara ya Rutshuru kaskazini mwa mji. Uji huo ukipoa haraka, ngozi yake inakuwa kama chupa: ina matundu, ni ngumu, na kila ikivunjika inatoa makali mapya. Udongo hung'arisha chuma polepole. Makoro yanakikwangua, na vumbi lake likichanganyika na maji ya mvua linakuwa msasa unaoingia kila mahali penye mzunguko.

Kazi ya kwanza ni mkazo wa mnyororo. Simamisha mashine mahali tambarare, zungusha sehemu ya juu nyuzi 90 ili mkono uelekee upande, kandamiza ndoo chini mpaka mnyororo wa upande huo uinuke, kisha weka magogo imara chini ya fremu. Zungusha mnyororo mbele na nyuma hadi mawe yote yaanguke, ndipo upime. Katikati ya fremu, pima kutoka chini ya fremu hadi uso wa juu wa kibao kinachoning'inia. Kwa mashine ya tani 20 kipimo huwa karibu mm 300 hadi 335, ila kitabu cha mashine yako ndicho kinachoamua. Kwenye matope acha mnyororo ulegee kidogo, kwa sababu matope yakijaa kwenye sproketi (gurudumu lenye meno linalozungusha mnyororo) yanaukaza yenyewe. Kwenye makoro makavu baki upande wa kukaza, ndani ya kipimo kilekile.

Mnyororo uliolegea unaruka meno ya sproketi, unagonga fremu, na siku ya kona kali unatoka. Uliokazwa kupita kiasi hauonyeshi dalili yoyote, na hapo ndipo hasara inapojificha: pini na bushi (bomba fupi linalozunguka pini) zinasagana chini ya mzigo hata mashine ikitembea tupu, gurudumu la mbele linaumia, na mazuti (dizeli) yanaisha upesi.

Kukaza ni kusukuma grisi kwa bomba kwenye vali iliyo ndani ya fremu, kusogeza mashine mita chache mbele na nyuma, halafu kupima tena. Kulegeza ndiko kunakoua. Grisi iliyo nyuma ya vali ile ina shinikizo kubwa sana. Usiifungue zaidi ya mzunguko mmoja, usikae mbele yake, usiweke uso karibu ili uone kama grisi inatoka. Isipotoka, rudisha mnyororo mbele na nyuma kidogo, usiendelee kufungua. Na kama umekaza leo na kesho kutwa umelegea tena, tatizo si mnyororo. Sili (kizuizi cha uvujaji) ya silinda ya kukazia inavuja, na utaiona grisi imejaa ndani ya fremu.

Mnyororo ukilegea kila mara bila kuvuja, umerefuka. Wengi husema «chuma kimevutika». Chuma hakijavutika: pini na bushi zimelika kwa ndani, na kila kiungo kimeongeza sehemu ya milimita. Pima hivi: ingiza pini kuukuu kati ya jino la sproketi na mnyororo, rudisha mashine taratibu mpaka sehemu ya juu inyooke, kisha pima viungo vinne kwa pamoja, ukikwepa pini kuu ya kuunganishia. Mnyororo wenye hatua ya mm 190 (umbali kutoka pini moja hadi inayofuata), ambao ni wa kawaida kwa tani 20, ukiwa mpya utakupa karibu mm 761. Ukifika mm 777 umekwisha. Ukiuendesha kupita hapo, unakula na sproketi, na siku ya kununua utanunua vyote viwili. Andika kipimo hicho kila mwezi kwenye daftari pamoja na saa za mashine. Baada ya miezi mitatu utajua mwenyewe ni lini pesa itahitajika, badala ya kushtukizwa.

Dereva ana uwezo kuliko fundi katika jambo hili. Sproketi ikae nyuma unapotembea. Ukitembea kinyumenyume umbali mrefu, bushi zinasagwa kwenye meno zikiwa na mzigo, na zinaisha haraka zaidi. Usizungushe mashine mahali pamoja kwa kupeleka mnyororo mmoja mbele na mwingine nyuma. Juu ya makoro tendo hilo linapinda vibao na kukata bolti. Geuka kidogo kidogo, hatua tatu au nne. Safari ndefu ifanyike juu ya lori, hata kama mwenye mashine analalamikia bei ya kukodi. Panga kazi ili ekskaveta isimame na lori ndilo liifuate.

Upana wa vibao nao una neno. Kibao kipana cha mm 800 ni cha kinamasi. Juu ya jiwe kinabebwa na ncha moja tu na kujipinda kama kijiko, huku kikitikisa bolti zake. Mm 500 au 600 zinatosha hapa. Bolti iliyolegea ina alama: mstari wa kutu au chuma kinachong'aa kuzunguka kichwa chake. Kaza siku hiyohiyo, kwa spana ya kipimo, nyuso zikiwa safi. Tundu likishapanuka, hakuna bolti itakayokaa. Tabia ya kuchomelea nati ili «isifunguke» tunaipinga kabisa: moto unaharibu ugumu wa chuma kilichopikwa kiwandani, nyufa zinaanzia hapo, na siku ya kubadilisha kibao utalazimika kukata.

Jioni, kabla dereva hajaondoka, mawe yaliyobanwa kati ya rola (magurudumu madogo yanayobeba mashine juu ya mnyororo) na fremu yatolewe kwa mtaimbo. Jiwe moja kwenye sproketi linatosha kuuvuta mnyororo hadi uvunje kitu. Wakati huohuo angalia gia za mwisho, zile zinazozungusha sproketi. Sili yake ni pete mbili za chuma zinazosuguana, na vumbi la makoro likijaa hapo, mafuta yanaanza kuvuja nje. Kiwango cha oili hukaguliwa kila saa 250 kwa kawaida. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa na vipande vya chuma, usisubiri.

Meno ya ndoo ni rahisi kuyaona, kwa hiyo tutapita haraka. Ya pembeni huisha kwanza; yahamishe na ya katikati kabla hayajawa butu. Usisubiri jino litoboke mpaka chuma kinacholishika kianze kulika, maana jino ni bei ndogo na kishikio kinadai kuchomelewa. Unapogonga pini ya jino kwa nyundo vaa miwani, na waambie vijana wanaotazama wasogee.

Makoro yana nyufa. Dereva mzuri anatafuta ufa, anaingiza meno kutoka ukingoni na kuvuta kuufuata. Asiyejua anashambulia katikati ya bamba na kupigisha ndoo upande upande, kazi ambayo mkono haukuundiwa. Pasipo na ufa ndipo nyundo ya haidroliki iingie. Patasi ya nyundo hiyo inapakwa grisi kila saa mbili, ikiwa imekandamizwa chini, la sivyo grisi itaingia juu ya patasi mahali ambapo pistoni inapiga. Jiwe lisipovunjika ndani ya sekunde 30, hamisha patasi. Kuendelea hapohapo ni kuipasha moto mpaka ncha ilainike. Usiache ipige hewani. Na kumbuka kwamba nyundo inachafua na kuchemsha oili ya haidroliki: muda wa kubadilisha filta na oili ulioandikwa kwa kazi ya ndoo hautumiki tena, unashuka hadi chini ya nusu.

Filta ya hewa sasa. Vumbi la Goma ni jeusi na lina makali, na likipita kwenye filta linasaga ringi na silinda hadi injini ianze kula oili. Usiigonge filta kwenye tairi, inapasuka karatasi. Puliza kutoka ndani kwenda nje, shinikizo lisizidi bar 2, kisha ingiza taa ndani yake gizani: ukiona nukta ya mwanga, itupe. Filta ndogo ya ndani haisafishwi kamwe, inabadilishwa tu. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi tayari. Filta iliyoziba inaongeza moshi mweusi na joto. Rejeta ipulizwe kwa siku za kiangazi, na mfuniko wake uwe mzima, kwa sababu maji huku huchemka karibu nyuzi 95 yasipokuwa na shinikizo.

Mazuti ya pipa yatulie siku nzima kabla ya kuvutwa, bomba lisiguse sakafu ya pipa. Jaza tanki jioni, toa maji kwenye kitenganishi asubuhi.

Liko jambo la ardhi yenyewe ambalo vitabu vya watengenezaji havina. Chini ya ngozi ya makoro mara nyingi kuna mashimo, njia ambamo uji ulipita ukaacha utupu. Kabla ya kusogeza mashine kwenye makoro usiyoyajua, kandamiza kwa ndoo mbele yako na usikilize. Sauti ya ngoma ni onyo. Vunja paa hilo kwanza, ujaze, ndipo upite.

Pia kuna mazuku. Hewa hiyo ya kaboni dioksidi ni nzito karibu mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, hukaa mabondeni na ndani ya mitaro, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Haionekani, na pua haikusaidii. Dereva aliyeketi juu kwenye kabini anaweza asihisi kitu, lakini fundi aliyelala chini ya fremu kupaka grisi saa kumi na mbili asubuhi anavuta hewa ya chini kabisa. Kwa hiyo usiegeshe mashine bondeni usiku, ipandishe kwenye mwinuko. Mtaro uliochimbwa jana usishukwe leo mpaka upimwe kwa kipima gesi. Ukikuta mjusi, ndege au mbwa amekufa ndani yake, usimtoe. Na mtu akianguka humo, asishuke mwingine bila kifaa cha kupumulia; vuteni kwa kamba kutoka juu. Kamba hiyo iwe imefungwa mwilini mwa kila anayeshuka, kabla hajashuka.