Kuvuka ziwa kwenda kumuimbia Freddie

Nilipanda meli Bukoba usiku, begi moja mgongoni na kopo la senene mama kanifungia nimpelekee shangazi Mwanza, maana Novemba ndo msimu wao na kwetu huwezi kuvuka ziwa mikono mitupu. Aliniuliza naenda kufanya nini, nikamwambia kuna shoo ya kumkumbuka Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, wanachangia watoto wenye virusi. Akasema haya, safari njema. Basi.

Kemondo tulisimama sana wanapakia ndizi. Nilikaa nje juu naangalia vijana wanavyopokezana mikungu, mmoja bega lote la shati limekuwa jeusi kwa utomvu, anaiweka chini taratibu kama analaza mtoto. Meli ilipoachana na gati nikavaa hedifoni nikafungua ile shoo ya Wembley niliyoishusha kwenye simu.

Kwa asiyeijua, ilikuwa tarehe 20 Aprili 1992, Freddie ana miezi mitano tu tangu afariki, wenzake wa Queen wakajaza uwanja kule London, watu 72,000, wakapanda Metallica, David Bowie, Elton John, Annie Lennox, na hela iliyopatikana ndo ikaanzisha Mercury Phoenix Trust, mfuko wa kupambana na ukimwi. Na huyu wengi wanayemdhania mzungu ni mtoto wa Unguja jamani, kazaliwa Mji Mkongwe 1946, Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi, wakahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Alitangaza ana ukimwi tarehe 23 Novemba 1991, kesho yake akafariki.

Mimi narudia kipande cha George Michael, mwimbaji mwingine wa Uingereza aliyepanda siku ile. Miaka mingi baadaye ndo akaja kueleza kwamba siku ile anaimba huku moyoni anamuombea mpenzi wake anayeumwa ugonjwa huohuo, na karibu uwanja mzima haukujua.

Sisi watu wa Kagera hicho kimya tunakijua. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligundulika kwetu 1983, watu wakauita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinaingia kwa magendo toka Uganda. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikufa mwaka uleule wa Wembley na nyumbani tukaambiwa karogwa. Picha yake iko kabatini, amekaa na gitaa, haitolewagi.

Mwanza tukafika asubuhi, jua linapiga mawe ya Bismarck, shangazi akanipokea na mchemsho wa sato.

Shoo ilikuwa jioni, kaukumbi kadogo upande wa Capri Point, kiingilio buku tano, hela yote nauli ya boti kwa watoto wa visiwani wanaofuata dawa kliniki. Bendi ni vijana wanaopiga kanisani. Mpiga gitaa waya ulimkatikia katikati ya wimbo akaendelea na tano zilizobaki, macho kafumba. Zile sauti za juu hakuna aliyezifika na sikuona kasoro yoyote, hata Wembley ilibidi waimbaji zaidi ya kumi wagawane mzigo wa mtu mmoja.

Halafu akapanda mama mmoja kajifunga kanga, kashika maiki kwa mikono miwili, akasema, "Wanangu, mimi natumia dawa toka 2005. Huyu binti aliyeshika ndoo ya michango nimemzaa nikiwa kwenye dawa, na hana virusi." Akashuka. Nikabaki napiga hesabu, dawa za bure zilianza 2004, mjomba alikosa miaka kumi na mbili tu, angekuwa mzee wa mvi saa hizi.

Usiku nikampigia mama, nimekaa nje kwenye mawe, maji yanapiga chini taratibu. Nikamweleza yote, yule mama alichosema, na kwamba nimetoa buku kumi kwa jina la mjomba. Kimya. Nikajua salio limeisha.

"Kaka yangu alikufa kwa ukimwi," akasema.

Miaka yote hii sijawahi kumsikia akilitaja hilo neno. Akaniuliza kama senene wamefika salama, nikamwambia wamefika mama, akasema kaka yake alikuwa anawapenda waliokaangwa na kitunguu, anakula vidole vinang'aa mafuta halafu anashika gitaa hivyohivyo, na bibi anamfokea toka jikoni.