Msala wa Somo: Tulivyoagana Bwejuu

Somo yangu alipopata uhakika wa safari ya Maskati, kitu cha kwanza kutajwa kwenye kundi letu la simu kilikuwa ukumbi. Mmoja akataja keki, mwingine akataja mshereheshaji, na kabla ya magharibi tayari tulikuwa na mweka hazina. Nikasema mimi simo. Shughuli za kuagana za namna hiyo nimeshazihudhuria vya kutosha. Anayeondoka anawekwa kwenye kiti cha mapambo tangu saa nane, anapigwa picha na watu ambao hata majina yao hayajui, na marafiki zake wa kweli wanashinda nyuma wakihesabu sahani. Mnaachana hamjazungumza.

Mimi na yeye tunaitana somo kwa kuwa jina letu ni moja. Tangu skuli ya msingi, mwalimu akiita jina tulikuwa tunaitika wawili. Kwa hiyo nilijiona nina haki ya kupinga keki.

Nilipendekeza twende kwa Bibi yangu Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, Jumamosi na Jumapili, watu watano tu, tumshonee Somo msala, mkeka mdogo wa kuswalia, wa ukindu, yaani majani ya mkindu, aende nao. Aliyetaka keki akauliza kama misala haiuzwi sokoni Darajani. Inauzwa, tena mizuri kuliko tutakaoushona sisi. Lakini msala wa kununua unachukua dakika kumi za maisha yako, na mimi nilitaka siku mbili.

Mkeka mzima niliuondoa mapema. Ukiuviringisha unakuwa mrefu kuliko sanduku, na Somo asingeweza kupanda ndege na mkeka begani. Msala wenye upana wa sentimita sabini hivi unaingia kwenye sanduku kubwa ukiulaza mshazari, hauli kilo, na mtu anautumia mara tano kwa siku. Hilo la mwisho lilimaliza ubishi.

Sasa, siri ya kumaliza kazi ile kwa siku mbili ni kwamba hatukuianza siku hizo. Kinachokula muda kwenye mkeka ni ukili, ule utepe unaosukwa kabla ya kushonwa. Nikapiga hesabu na Bibi kwa simu: kwa msala wa kiasi kile, pima kumi na mbili zinatosha, pima ikiwa ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mbali ya Somo tulikuwa wanne, kila mtu pima tatu. Bibi akatuletea ukindu kwa dereva wa gari ya shamba, ulioanikwa hadi ukawa mweupe, mafungu mengine ameshayachemsha kwenye rangi: zambarau, nyekundu na kijani kibichi. Rangi zenyewe siku hizi ni za unga wa dukani. Weusi, kwa maneno yake, ulikuwa ukitoka kwenye mizizi ya mdaa, lakini nani sasa wa kwenda kuichimba?

Jioni tukawa tunakutana barazani kwangu mjini, kila mtu na fungu lake limefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu. Ukindu mkavu unakatika, na ukiloa sana ukili unakuja kulegea ukishakauka, kwa hiyo unyevu wenyewe ni wa kukadiria kwa vidole. Mimi na Mama Pacha tulifundishwa utotoni. Mikono ilikuwa imesahau, ila baada ya kubomoa na kuanza tena ikarudi yenyewe. Mwalimu, wa tatu wetu, alikuwa mgeni kabisa wa kazi hii. Yule wetu wa Dar alisema atajifunza kwa shangazi yake Mbagala.

Kilichonitia wasiwasi kilikuwa upana. Bibi husema ukili wa msala uwe vidole vitatu, lakini vidole vya nani? Vya Mama Pacha vitatu ni vyangu vinne. Nikachukua chelewa moja kwenye fagio, nikakata njiti nne zinazolingana, kila mtu nikampa yake aipimishe kila anapofika urefu wa mkono. Wakanicheka. Bila zile njiti tusingekuwa na msala.

Ijumaa jioni tukafika Bwejuu, yule wa Dar akiwa ameshuka kwenye boti ya mchana na sura ya mtu aliyetapika. Tukala muhogo wa nazi, tukalala.

Kalenda ya safari ya Somo haikutupa nafasi ya kuchagua, na Jumamosi ile iliangukia bamvua, siku za maji makubwa. Wanaokaa pwani ya mashariki wanajua maana yake. Maji yanakupwa mpaka karibu na mwamba, na hakuna mwanamke wa rika la Bibi utakayemzuia nyumbani. Tangu mwani ulipoanza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989 na kuenea pwani hii, mwezi wa Bibi umegawika hivyo: bamvua ni ya mwani na pweza, maji mafu, yanapokupwa kidogo tu, ni ya ukili. Saa mbili asubuhi ameshika mchokoo wa pweza na kikapu.

"Bibi, na sisi?"

"Nyinyi mna macho na mikono. Ungeni ukili, nikirudi nitautazama."

Kuutazama ndiko tulikokuwa tunakuogopa. Tukautandaza wote uani, pima kumi na mbili, tukaanza kuunga ncha kwa ncha. Wa Mama Pacha ulikuwa umekaza kama mshipi. Wangu wa wastani. Wa Mwalimu ulianza vizuri, ukanenepa katikati, ukajirudi mwishoni. Wa rafiki yetu wa Dar ulikuwa umenyooka kuliko yote, kingo sawa, fundo hulioni.

Bibi aliporudi saa saba, pweza wawili kikapuni, akapitisha ukili mkononi bila kuketi. Alipofika kwenye ule wa Dar akasimama.

"Huu wa nani?"

"Wangu, Bibi."

"Mkono huu una miaka arobaini ya kazi, mwanangu. Wewe una miaka mingapi?"

Ikabidi aseme. Alikuwa ameununua kwa mama mmoja huko huko Mbagala, baada ya shangazi kumkatia tamaa. Tulicheka mpaka Mama Pacha akatoka nje. Bibi hakuukataa, kilichomuudhi ni kuambiwa uongo tu, si ukili. Adhabu yake ilikuwa kumponda pweza.

Nimweleze huyo pweza, maana mtu anaweza kudhani ni kitu cha kuchemsha tu. Anapigwa juu ya jiwe mpaka mikono yake ilegee na povu litoke, halafu anaoshwa na kubandikwa bila tone la maji. Anatoa maji yake mwenyewe, yanageuka ya zambarau, na anayanywa tena taratibu. Chumvi Bibi haitii mpaka awe laini, anaamini ikitangulia inamkaza. Wakati huo mmoja yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, mwingine anakamua kwenye kifumbu: kasimile, tui zito la kwanza, linawekwa pembeni, tui la pili linakwenda na vitunguu, thomu, nyanya na bizari. Kasimile linaingia mwisho kabisa, moto umepunguzwa, na unakoroga bila kuacha lisije likakatika. Somo alipewa kukoroga. Alipogeuka kujibu simu ya mumewe Bibi alimpokonya mwiko bila neno.

Tukala sinia moja, wali katikati, mchuzi umemwagwa juu, kila mtu na upande wake. Kuna jambo nimelithibitisha siku ile: ukimweka mgeni wa heshima kwenye sinia moja na wengine anaacha kuwa mgeni wa heshima. Mama Pacha alimwibia Somo kipande cha mkono wa pweza mbele ya macho yake.

Baada ya adhuhuri ndipo kushona kulipoanza, kwa shazia, sindano ya kushonea mikeka, na nyuzi nyembamba za miyaa, majani mengine ya kusukia. Asiyejua hudhani vipande vinapangwa sambamba na kuunganishwa. Sivyo. Ukili ukishaungwa ni mmoja mrefu. Unauzungusha na kuushona ukingo kwa ukingo, mzunguko juu ya mzunguko, unapanda kama gunia lisilo na kitako. Mshonaji mmoja anatosha, wawili wakipokezana ni vizuri, watano ni fujo. Kwa hiyo wawili walishona, mmoja alishikilia, mmoja aliloweka nyuzi, na mmoja alizungumza. Tukawa tunabadilishana, isipokuwa kazi ya kuzungumza, ambayo Mwalimu hakuiachia mtu.

Tulipofika kwenye ukili wake, kazi ikaanza kwenda upande. Pale uliponenepa, mzunguko ulikuwa unavimba na kuvuta wa chini yake. Mama Pacha akataka tukate kipande kile. Mwalimu akanyamaza, na kwa Mwalimu kunyamaza ni jambo zito. Bibi akafumua mizunguko miwili, akatoa ukili wote wa Mwalimu na kuuhamishia mwisho. "Kitu kinene kikikaa pembeni kinaitwa pindo," akasema, na shazia ikaendelea. Pengo lililobaki akaliziba kwa kipande chake cha zambarau alichokuwa amekificha kwenye dari.

Usiku ulikuwa wa mwezi mpevu, tukatandika nje. Bibi akaleta chetezo, akatia ubani, akamsomea Somo dua ya safari. Kisha akatuambia tutakane radhi, ndio desturi, mtu haondoki na deni la moyo. Niliihofia sehemu hii kuliko ushonaji. Nilijua tutalia na usiku utaharibika.

Aliyeanza ni Mama Pacha, huku bado anachana nyuzi za miyaa za kesho yake. Akasema anamsamehe Somo doti ya kanga aliyoiazima siku ya maulidi akairudisha kipande kimoja. Somo akasema kipande cha pili hakukipoteza, alikitoa kwa mama yake Mama Pacha mwenyewe, ambaye alimwomba asiseme. Hapo likaibuka jingine, la pesa za ada ya chuo. Yule wa Dar alikuwa akidai, na kila mmoja alikuwa akiamini ni mwingine ndiye aliyelipa. Hesabu ile haikufungika mpaka leo, tumeisamehe ikiwa wazi.

Mimi nilikuwa na langu. Mwaka ambao baba yangu alifariki, Somo hakuja msibani mpaka siku ya tatu, na sikuwahi kumuuliza. Nilisema nikiwa nimeinama, macho kwenye kidole nilichokuwa nazungushia ukindu. Akaniambia siku zile mbili alikuwa hospitali, mimba ilikuwa imeharibika, na hakutaka kuleta huzuni yake juu ya yangu. Hakuna aliyeongea kwa muda. Bibi akasema, "Haya, pokeaneni radhi," tukapeana mikono. Tulilia, ndiyo, lakini hatukuachia kazi, na nadhani ndiyo maana tuliweza kusemezana. Uso kwa uso kwenye viti vya ukumbi nisingelifungua mdomo.

Jumapili tuliamkia mkate wa kumimina na chai ya mchaichai, kazi ikiwa imebaki mizunguko mitatu. Kabla ya saa sita lile gunia lilikuwa limesimama wima katikati ya ukumbi wa Bibi, zambarau na nyekundu zinapokezana, na kijani kimepita mara moja tu kwa sababu ndicho kilichokuwa kidogo. Bibi akamkabidhi Somo mkasi.

"Kata."

"Nikate wapi, Bibi?"

"Juu mpaka chini. Nyoosha mkono, usisite njiani, utaufanya meno."

Kukata kitu kilichowatoa jasho watu watano si jambo jepesi. Mkasi ukawa unalia kwenye kila mshono, ukafika chini, msala ukafunguka na kujilaza sakafuni, mbavu zake bado zimejikunja. Bibi akakata masalia ya ncha zilizochomoza, akazikunja kingo mbili zilizokatwa na kuzishonea utepe mwembamba ili zisifumuke. Hiyo hakutuachia. Tukaulaza chini ya godoro, watu watatu wakakalia juu yake kuunyoosha huku wanakula samaki wa kupaka.

Gari ya mwisho ya mjini haingoji mtu, kwa hiyo kuagana na Bibi kulikuwa kwa haraka. Alimpa Somo chupa ya achari na onyo la kutouanika msala juani, rangi itapauka. Uwanja wa ndege tulikwenda wachache, na huko hakuna la kueleza, foleni na vikaratasi.

Wiki ya pili Somo akatutumia ujumbe wa sauti. Shangazi ya mumewe, aliyeondoka Unguja akiwa mtoto, ameuona msala na sasa anataka mkeka mzima, wa nyekundu na nyeupe, kwa malipo. Mama Pacha akaanza hapo hapo kupanga bei kwa pima. Mwalimu akauliza kama na yeye amo, akajibiwa kwamba atashughulikia pindo. Nikampigia Bibi kumpa habari.

"Nimesikia," akasema. "Lakini nina mwani wa kuvuna. Mwambie asubiri maji mafu, hapo ndipo tutazungumza bei."